Mpiga Dramu wa Nyumba ya Jirani

Mzee Mfaransa aliyekodi ghorofa ya chini kwa madam wangu, huku Al-Safa, Jeddah, alikuwa mpiga dramu. Alianza ujanani, akipiga jazi katika mikahawa ya Paris, hadi akaunda bendi yake kubwa, tarumbeta na saksafoni safu kwa safu, akazunguka nayo nchi nyingi. Wenzake wengi walikuwa wameshakufa. Jeddah aliletwa kufundisha vijana wa Kisaudi, ili wafanye onyesho moja kubwa kule Riyadh.

Madam aliniambia nimpikie na kumfulia. Alasiri moja, nikipiga pasi kwake, nilisikia dramu upande wa pili wa ukuta. Nikadhani ni yeye. Kugeuka, namwona kasimama mlangoni na kikombe cha chai, uso umempauka.

"Unasikia?" aliniuliza kwa Kiingereza chake cha kubabaisha.

"Nasikia, mzee. Ni jirani."

"Hapo mkono wa kushoto unapochelewa... Huo ni upigaji wangu. Nilipiga hivyo nikiwa kijana, kabla sijavunjika mkono. Tangu hapo siwezi."

Tulitoka pamoja kwenda kuangalia. Mlinzi wa nyumba ya jirani, Mkenya mwenzangu, alitufungulia akicheka.

"Humu mafi mtu, dada, hakuna anayeishi. Hata stima ilikatwa."

Kweli, vumbi la sakafuni halikuwa na unyayo hata mmoja. Mzee aliweka kiganja ukutani, akakiacha hapo. Nami nikaweka changu. Ukuta ulikuwa ukitetemeka polepole, kama kifua cha mtu aliyelala. Mlinzi akajaribu pia, akaacha kucheka.

Siku ya onyesho madam alinipeleka Riyadh. Bendi ilivuma vizuri. Katika wimbo wa mwisho mzee alipiga peke yake, na mkono wa kushoto ukachelewa vilevile. Kisha akaweka vijiti mapajani, na dramu zikaendelea kulia. Watu walishangilia, wakidhani ni ufundi wa spika.

Nyuma ya jukwaa alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Halas," akasema, kama Waarabu wasemavyo jambo likiisha.

Bendi alimwachia mmoja wa wanafunzi wake, akarudi kwao wiki ileile. Mimi bado niko Al-Safa. Nguo napiga pasi asubuhi siku hizi, na redio naifungua kwa sauti.