Shangazi Alipata Nyongeza, Akalia

Jamani, mmewahi kumuona mtu ameshinda halafu analia kama amefiwa?

Siku wafagiaji wa halmashauri walipopata nyongeza ya asilimia kumi, waliimba mpaka getini. Shangazi yangu, kiongozi wao, alipita pembeni akijifuta macho.

Watu wakasema ni machozi ya furaha.

Ngoja niwaeleze.

Shangazi ndiye aliyenilea. Kafagia barabara mpaka mgongo ukapinda, ili mimi nisome. Nikaajiriwa halmashauri hiyohiyo, ofisi ya utumishi.

Kwa hiyo kwenye mazungumzo ya mishahara, yeye alikaa upande ule wa meza na chama cha wafanyakazi. Mimi nilikaa upande huu na mkurugenzi.

"Mezani wewe ni adui yangu," alikuwa ananitania, "ila Jumapili njoo ule."

Chama kilidai ishirini. Mkurugenzi akatoa nne, akagoma kusogea, ingawa nilijua ana ruhusa ya kufika kumi na mbili. Wafagiaji wakaanza kutaja mgomo.

Jumapili nikaenda kula. Nikiwa sebuleni, nikamsikia shangazi jikoni akiongea na katibu wa chama kwenye simu.

"Wakifika kumi tunasaini. Chini ya hapo tunagoma."

Akarudi na sufuria, akaniongezea nyama. Nikala.

Sasa, mimi nilikuwa nakaimu cheo, na kukaimu kulishanichosha. Kesho yake asubuhi nikajikuta mlangoni kwa mkurugenzi.

"Bosi, ukitaja kumi leo, yameisha. Hakuna mgomo."

"Una uhakika?"

"Nimesikia kwa masikio yangu."

Hakuuliza kwa nani. Alijua Jumapili nakula wapi.

Mchana akataja kumi. Watu wa chama wakaomba kutoka nje kidogo, wakarudi, wakasaini. Mkurugenzi akanipiga bega.

Ningefunga mdomo, si ajabu wangepata kumi na mbili. Watu wanaokula vumbi kutwa, nimewauza kwa ajili ya cheo. Asante ya punda ni mateke, na punda mwenyewe ndio mimi.

Jioni nikashindwa kuvumilia. Nikamkuta shangazi amekaa, viatu vya kazi bado viko mguuni.

"Shangazi, nimekukosea. Yale uliyosema kwenye simu..."

"Najua."

"Mngepata zaidi."

"Zaidi ya wapi? Mfuko wa mgomo ulikuwa mtupu, wenzangu wamechoka. Mngetoa hata sita tungesaini."

Nikavuta kigoda, nikakaa.

"Ile kumi ulitegewa," akasema. "Ni wazo la katibu. Aliniambia, ongea kwa sauti huyo kijana wako akiwepo, ataipeleka tu."

Jamani, nilihisi mzigo unanishuka. Nikacheka hata.

"Kwa hiyo nimewasaidia!"

Yeye hakucheka.

"Mimi nilibishana na katibu mbele ya wenzangu wote. Nikawaambia huyu nimemlea kwa mikono yangu, hawezi. Simu ile niliipiga ili katibu aumbuke."

Akainama, akaanza kufungua kamba za viatu.

"Bosi wako alipotaja kumi, wenzangu walikanyagana miguu chini ya meza kwa furaha. Mimi nilikuwa nakuangalia wewe. Wewe ulikuwa unaangalia meza."

Nikachukua viatu vyake, nikaviweka mlangoni.

Cheo nilithibitishwa. Wafagiaji wanapokea nyongeza yao, na wapo wanaonisalimia kwa kicheko nisichokipenda. Kwa hesabu, hakuna aliyepata hasara. Ndiyo maana inaniuma: sina hata hasara ya kulipa.

Ninachowaambia wenzangu ni hiki: siri ukiisikia kwa mtu anayekupakulia chakula, imeze pamoja na hicho chakula. Hata kama ni mtego. Hasa kama ni mtego, kwa sababu anayekutega anaweza kuwa anaomba Mungu usinase.

Jumapili bado naenda. Bado ananiongezea nyama. Ila simu yake ikilia, anainuka taratibu na kwenda kuipokelea nje.