Damu ya Kulinganishia

Yurub alilelewa Hulugho kwa maziwa mabichi ya ngamia, na kwao kuyachemsha ni kumtukana aliyekama. Hata alipoajiriwa kwenye maabara moja mjini Garissa, mama yake alimfuata na kibuyu chake, akawa analea mjukuu wake Nasteho, binti mdogo wa Yurub, kwa maziwa yale yale.

Kazi ya Yurub ilikuwa kukuza seli za kinga kutoka kwenye damu ya wachungaji. Alizitia rangi maalumu, kisha akaziwekea vijidudu vilivyokufa vya brusela, ugonjwa wa maziwa mabichi. Seli iliyowahi kukutana na adui huyo hupandisha kalsiamu ndani yake, na rangi ikawaka. Isiyomjua hubaki giza.

Ilihitajika pia damu ya mtu mzima wa afya, ya kulinganishia. Yurub akatoa yake bila kufikiri mara mbili. Nani mzima kumshinda? Viungo vilimuuma, ndiyo, na usiku alilowa jasho, lakini Garissa nani halowi?

Siku ya kupima, seli za wachungaji ziliwaka hapa na pale. Zake ziliwaka kama nyika iliyoshika moto. Akarudia kwa sampuli nyingine. Zikawaka tena.

Akampigia mama yake simu.

"Hooyo, yale maziwa ya kibuyuni..."

"Usijali, mwanangu, yapo tele. Nasteho ameamka na homa, chakula hataki kukiona. Nimemnywesha hayo tangu asubuhi."