Shemeji na Baridi Yake ya Simu

Mume wa dada yangu leo karibu agandishe mtoto wangu, na bado anataka nimwombe msamaha.

Kwetu Likuyani mkwe haruhusiwi kulala kwa wakwe. Yeye akaja na gari la kulala, lina kitanda na AC, akalipaki katikati ya boma. Eti hiyo ni nyumba yake, hajavunja mila!

Mchana jua likawa kali. Dada akaniambia nimlaze mtoto humo ndani.

Shemeji naye yuko nje kwa tenti ya wageni, anaonyesha wazee vile anaongezanga baridi ya gari kwa simu. Wazee wakipiga makofi, anaongeza tena.

Mtoto akaamka akilia, midomo inatetemeka. Nikabonyeza swichi ya AC ukutani, wapi! Inasikiza simu yake tu.

Nikatoka nikipiga kelele azime.

"Vumilia kidogo," akasema, "wazee bado wanaangalia."

Mama, ambaye kwa heshima hamsemeshangi mkwe, akaongea akiangalia ukuta: "Mwambieni, kama hiyo ni nyumba, mkwe hajengi kwangu. Aihamishe."

Sasa amepaki kando ya barabara. Amenipigia: niombe msamaha, halafu nimpelekee kuku wake, yule mkwe hupikiwa.

Simu si inafanya kila kitu? Impikie.