Radhi Niliyoomba Injini Zikiwa Zimezima

Tulikuwa tukirudi Malindi kutoka harusini Nairobi, mimi na shangazi, na tangu tupande ndege alikuwa akinitazama kwa jicho la upembe. Bibi harusi alikuwa mdogo kwake kwa mbali. Shangazi naye alishaposwa na mwalimu mmoja wa Mambrui, kisha yule bwana akaingia mitini ghafla. Sababu nilikuwa mimi. Nilimnong'oneza kwa mzaha kwamba shangazi ana jini mahaba, tena mwenye wivu, na mtu mzima yule akaamini.

Tulipoanza kushuka tukaingia kwenye wingu jeusi, mvua ya mawe ikitwanga mabawa. Mara ngurumo ya injini ikakatika. Mhudumu alitutabasamia huku midomo ikimcheza, nami tabasamu la namna hiyo siliamini.

"Injini zote mbili zimezima," rubani akatangaza. "Tunajaribu kuziwasha."

Ukabaki upepo tu. Watu wakaanza kuombana radhi kama waendao Hija. Shangazi akanishika mkono.

"Nihalalishie, mwanangu. Nami nimekusamehe yote, hata nisiyoyajua."

Asiyoyajua? Nikashuku mtego. Lakini dirishani vilele vya miti vilikuwa vinatujia.

"Shangazi, ni mimi niliyemwambia yule bwana una jini."

Injini moja ikakoroma, ikashika. Ya pili ikafuata. Wallahi, hazikungoja hata nimeze mate! Mama mmoja nyuma akaimba haleluya, watu wakapiga makofi. Mimi peke yangu nilitamani kile kimya kirudi.

"Lakini ulishanisamehe," nikamkumbusha.

"Kwa Mungu tumemalizana," akasema, akatabasamu. Hilo nalo sikuliamini.

Tulitua salama. Hata mizigo hatujapata, akapiga namba ambayo kumbe hakuwahi kuifuta, akanibandika simu sikioni.

"Mwambie."

Nikamwambia mwalimu kila kitu, kwa viapo.

"Na huyo jini," akauliza polepole, "ndiye aliyekutuma useme hivi?"

Shangazi akaninyang'anya simu. "Jini hakuna. Mwenye wivu ni mimi, na nimechoka kwenda harusi za watoto. Ukinitaka, njoo Ijumaa na wazee wako."

Sauti ilikuwa kavu, lakini simu aliibana sikioni kwa mikono miwili. Nikasogeza sikio.

"Ijumaa hii," mwalimu akauliza, "au ijayo?"