Mkwaruzo Niliununua

Mimi sikuzaliwa na aibu ya madukani. Nikinunua kitu kikawa kibovu nakirudisha, na sauti yangu hutangulia mlangoni. Mabinti zangu huinamisha vichwa wakiniona nafungua pochi kutafuta risiti. Nawaambia niacheni, nilianza zamani, nilianzia kwenye cherehani.

Mkoa wa Manyara ulikuwa bado mpya, Babati inajaa wageni wa maofisini. Nilikuwa nimechoka kushonea cherehani za watu, nataka yangu. Kwenye duka moja karibu na stendi nikaikuta ya miguu, bei yake chini kuliko nyingine. Mwenye duka, mzee wa kanzu safi na maneno machache, akanionyesha sababu: kwenye meza yake palikuwa na mkwaruzo mrefu, ilioupata safarini.

"Kasoro yake ni hiyo tu," akasema.

Nikaijaribu kwa kipande cha pamba alichonipa. Ikashona vizuri mno. Nikalipa huku nacheka, nikaipakia kwenye mkokoteni mpaka kwangu Nangara.

Hapo nilifanya kosa ambalo fundi hapaswi kulifanya: sikuijaribu kwa kitambaa kizito cha kaki. Na nyumbani nilikuwa na vitambaa vya kaptula za wanafunzi, akina mama wamenikabidhi, shule zinafunguliwa Jumatatu. Kuweka kaki tu, ikaanza kuruka. Inashika mishono miwili, inaruka mitatu. Nikabadilisha sindano, nikatia mafuta, nikalegeza uzi, wapi! Nilikaa chini nikalia, sioni haya kusema. Mtoto asiye na sare angerudishwa nyumbani, na mama yake angenisema sokoni mpaka nizeeke.

Asubuhi nikaita mkokoteni tena.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Mbona na cherehani?"

"Inaruka kwenye kaki."

Akanyoosha kidole kwenye karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. "Halafu wewe nilikupunguzia. Kitu cha punguzo hakina malalamiko."

Ebo! "Baba, ulinipunguzia kwa ajili ya mkwaruzo. Mkwaruzo niliununua, wala sijaja kuulalamikia. Huu ugonjwa wa kuruka hukuniambia, kwa hiyo sikuununua."

Akawageukia wateja wengine. Sikubishana. Nikaishusha cherehani pale pale barazani kwake, nikaketi, nikaanza kushona, kama mafundi wote wanavyokaa kwenye baraza za maduka mjini. Haukupita muda, mama mmoja wa kijiji cha Mutuka akadhani mimi ndiye fundi wa pale, akanipa kaptula ya mwanawe niikunje pindo. Nikaikunja. Alipolivuta kidogo, likafumuka lote.

"Makubwa! Hii cherehani umenunua wapi?"

"Humu humu ndani," nikajibu kwa sauti ya kufika stoo.

Waliokuwa dukani wakacheka, mmoja akarudisha bidhaa aliyoishika. Mzee akatoka. Akaketi yeye mwenyewe, akakanyaga, akautazama mshono. Kisha akaagiza itolewe nyingine. Safari hii niliijaribu kwa kaki yangu, mara tatu, mbele yake. Ikashona kama inavyotakiwa.

"Lakini hii haina mkwaruzo," akasema. "Itabidi uongeze."

"Siongezi hata senti."

Akaingiza mkono mfukoni mwa kanzu, akatoa ufunguo wa duka, akauburuta juu ya ile meza mpya toka mwanzo hadi mwisho. Kwaruu!

"Haya. Mkwaruzo wako huo. Si ulisema uliununua?"

Nilicheka mpaka nikashika mbavu, naye akacheka, Mungu amlipe heri. Jumatatu kaptula zote zilikwenda shule.

Cherehani ninayo hadi leo. Juzi mabinti walinunua msasa waisugue meza iwe laini. Nikawanyang'anya. Mkwaruzo ule ni mali yangu halali, na risiti yake ninayo.