Drone Yetu Imerudi Bila Mkwaruzo

Leo hapa Kitale, kwenye mashindano ya drone za shule, drone yetu imekataa kuruka mbele ya watu wote.

Betri imekufa. Si tangu iletwe shuleni kwetu Matulo prinsipo ameifungia kabatini, ati isivunjike! Hutoka tu wageni wakija.

Wanafunzi wangu wamejifunza koding ubaoni, wakipeperusha kitabu kwa mkono badala ya drone.

Jaji akamwambia mwanafunzi wangu Nekesa aeleze programu aliyoiandika. Akaeleza mstari kwa mstari bila kutetemeka. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Lakini drone isiporuka, alama ni sufuri, bana.

Prinsipo amepiga simu sasa hivi.

"Mwalimu, imevunjika?"

"Hapana, sir."

"Asante Mungu. Irudishe kabatini."

Nekesa amesikia. "Mwalimu, mwaka ujao tutarusha kitabu gani?"