Mumbua wa Majibu

Wananchi wa Gatina na viunga vyake, simameni, vueni kofia: Mumbua, mchoma mahindi, umri miaka sitini na mmoja, meno kumi na tisa, amehitimu Kiingereza! Cheti kina muhuri. Bendi imekosa nauli.

Kilichompeleka darasani ni mjukuu. Mwanawe Muia alihamia Kanada, akapata binti, akampa jina la mamake kama Wakamba wafanyavyo, kisha akasahau kumpa hata lugha moja ya nyanyake. Mumbua mdogo ana miaka sita, Kiingereza tupu.

Basi jioni tatu kwa wiki kanisa la mabati likawa shule. Mwalimu Lavender aliwapanga wawili wawili. "Lugha ni mdomo kwa mdomo," alisema, na watu wazima wakacheka hadi akaona haya. Mumbua akapewa Khamala, fundi wa mawe aliyekuja kwa miguu kutoka mtaa wa Kisumu Ndogo, simiti kwenye nyusi.

"Mimi nauliza, wewe unajibu," Khamala akaamua. "Mama wa Kitui kwa kujibu hashindwi."

"Na Mluhya kazi yake kuuliza chakula kiko wapi."

Kweli, maswali yake yote yalinukia sufuria. Jana ulipika nini? Nani alikula? Kulibaki? Mumbua alijibu Kiingereza kilichonyooka, na siku nyingine akaleta muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, kwenye mkebe, kama ushahidi. Wakakubaliana wabadilishane ifikapo Januari: yeye aulize, Khamala ajibu.

Desemba, jukwaa la mjengo likavunjika chini ya Khamala. Darasa lilichanga, mwili ukasafirishwa kwao Bungoma.

Mwenzake mpya, Okello, alikuwa mpole. "Mama, leo uliza wewe."

"Kesho," Mumbua alisema, macho mlangoni. Akasema kesho hadi mtihani ukapita.

Siku ya cheti, Muia akapiga simu ya video. Darasa zima likamzunguka nyanya. Uso mdogo ukatokea, paji ni la nyanyake kabisa. Mtoto akasalimia kwa haya, akangoja.

"Mimi mzima," Mumbua akasema kwa Kiingereza. Mtoto akamtazama.

"Jana nilipika muthokoi."

Mtoto akakuna pua.

"Imebaki kidogo."

Mtoto akashuka kitini kumtafuta babake. Kukabaki kiti kitupu, kisha kioo kikazima.

"Mama, mbona umekwama?" Lavender akalalamika. "Na Kiingereza unakijua!"

Mumbua akapangusa simu kwa leso.

"Si hajaniuliza kitu."